Gharama za skuli yetu zimepanda kwa milioni 132. Tuulize nini, na kwa nani?

SUALI: Assalam alaykum. Mimi ni mzazi, watoto wangu wawili wanasoma skuli ya jumuiya yetu hapa Wilaya ya Wete, Pemba. Mwaka 2021 bodi ilitutangazia kuwa itajenga skuli mpya ya madarasa sita, ofisi na vyoo kwa shilingi milioni 240. Tukachanga. Jengo limefika linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, na limesimama tangu mwaka jana. Mwezi uliopita tumeletewa barua ya mistari minne: gharama sasa ni milioni 372 "kutokana na kupanda kwa bei za vifaa", na kila mzazi aongeze 150,000. Wazazi tunafika mia nne. Nilipoomba mchanganuo nikajibiwa kuwa hayo ni mambo ya kitaalamu, na mzee mmoja akanambia nisilete fitna. Je, bei inaweza kupanda kiasi hicho? Na sisi wazazi tuna haki ya kuona nini?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na kikokotoo. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ni ukadiriaji majenzi, yaani kulihesabu jengo kabla halijasimama, na mara nyingi kulihesabu tena wakati wenyewe wameshaanza kununiana. Nitaanza na hesabu. Ya fitna nitayafikia.

Kutoka 240 hadi 372 ni nyongeza ya milioni 132, sawa na asilimia 55. Bodi imetaja sababu moja tu, bei za vifaa. Haya, tuipe bodi kila upendeleo. Katika majengo ya aina hii vifaa huchukua kama sita hadi saba katika kila kumi ya gharama. Kinachobaki ni ufundi, usimamizi na mengineyo. Tuchukue saba. Saba ya kumi ya 240 ni milioni 168. Ili vifaa peke yake vilete nyongeza ya 132, ingebidi vyote, kuanzia saruji hadi bawaba za milango, vipande bei kwa karibu asilimia 80. Lakini jengo lenu limeshafika linta. Msingi umejazwa, kuta zimeinuka. Tuseme ni theluthi moja tu ya vifaa iliyonunuliwa kwa bei ya zamani, ingawa mimi naamini ni zaidi ya hapo. Basi vilivyobaki vilikuwa vya milioni 112 na sasa vinatakiwa viwe vya 244. Maana yake nondo iliyokuwa ikiuzwa 20,000 sasa iwe inauzwa zaidi ya 43,000. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi, Wete au Chake Chake, uliza bei ya leo, kisha mwombe mwenye duka akufungulie ankra zake za 2021. Utapata jibu kabla hujamaliza kikombe cha kahawa.

Iko hesabu nyengine ambayo haimo katika suali lako lakini ndiyo iliyonishtua zaidi. Wazazi mia nne mara 150,000 ni milioni 60. Pengo ni 132. Milioni 72 zinatoka wapi? Ama bodi ina mfadhili ambaye hamjaambiwa, ama ina deni ambalo hamjaambiwa, ama mwakani itakuja barua nyengine ya mistari minne. Hili liulizeni kabla ya jengine lolote, kwa sababu halihitaji utaalamu na hakuna awezaye kulijibu kwa neno "bei".

Sasa nisimame upande wa bodi kidogo. Bei zilipanda kweli, na aliyejenga kati ya 2021 na 2024 anajua. Baada ya UVIKO-19 chuma na usafirishaji wa baharini vilipaa duniani kote. Februari 2022 vita vya Ukraine vikaanza, mafuta yakapanda. Halafu shilingi yetu, ambayo mwaka 2022 ilikuwa kama 2,300 kwa dola moja, kufika katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Nondo na mabati ni vitu ambavyo ama vinaagizwa nje au malighafi yake inaagizwa, kwa hiyo dola ikipiga chafya, duka la Konde linashikwa na mafua. Na sisi Wapemba tuna gharama yetu ya ziada: mfuko wa saruji unaotoka Bara unapakiwa garini, unateremshwa bandarini, unapakiwa chomboni, unateremshwa Wete au Mkoani, unapakiwa tena garini. Mafuta yakipanda, yanaupandia mfuko ule ule mara tatu. Lakini ukijumlisha yote hayo hupati bei iliyozidi maradufu. Kuporomoka kwa shilingi nilikokutaja ni kama asilimia 13 hadi 15. Hesabu haikubali kwamba bei ndiyo sababu pekee.

Hapo wengi hurukia neno "wizi". Mimi sirukii, na nakuomba nawe usirukie, kwa sababu katika miradi ya skuli niliyoitwa kuitazama, nyongeza kubwa mara nyingi ilitoka pahala ambapo bodi iliona haya kupataja, nayo ni ardhini.

Bodi za jumuiya zetu hukadiria kwa mdomo. Mtu anasema, "Kule kwa fulani darasa moja limekula milioni arubaini," basi sita mara arubaini ni 240. (Ndiyo, nimeona kwamba 240 yenu inagawanyika kwa sita bila ya baki. Ofisi na vyoo sijui viliingizwa wapi.) Hakuna aliyechimba shimo hata moja kuangalia kuna nini chini. Na Pemba si uwanja wa mpira. Ni kisiwa cha vilima na mabonde, sehemu nyingi zina udongo wa mfinyanzi ambao ukiloa wakati wa masika unavimba na ukikauka unapasuka. Kiwanja cha bure alichokitoa mtu mwema mara nyingi ndicho kile cha mteremko ambacho mikarafuu haikukubali. Ukijenga hapo, msingi unazama zaidi, upande wa chini unahitaji kujazwa, upande wa juu unahitaji ukuta wa mawe wa kuzuia udongo usiteremkie madarasani. Ukuta huo peke yake unaweza kula fedha ya darasa zima. Kwa upande wa mashariki ya Unguja, Makunduchi au Jambiani, mambo ni kinyume chake: jiwe liko pale pale, msingi ni rahisi, lakini shimo la choo linachimbwa kwa patasi na machozi.

Basi fundi anachimba, anakuta udongo mbaya, anamwambia mwenyekiti, mwenyekiti anasema, "Zamisha." Hakuna karatasi. Milioni 20 au 30 zinaingia chini, zinafukiwa, na hakuna mzazi atakayeziona tena maishani. Baada ya miaka miwili mtu anauliza, na bodi, kwa kuona vibaya kusema "hatukupima ardhi", inasema "bei".

Chanzo cha tatu ni tamaa njema. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na madarasa sita. Katikati mfadhili akasema angependa kuona maabara. Ofisa wa elimu akaja akasema matundu ya vyoo hayatoshi kwa idadi ya watoto, na wasichana wawe na vyao mbali. Mjumbe mmoja akataka baraza liwe pana. Kila moja ni jambo la maana na kila moja lina bei. Nimeona skuli iliyoanza na matundu manne ikamaliza na kumi na mbili, na bodi ikashangaa kwa dhati ya moyo kwamba fedha hazikutosha.

Na chanzo cha nne ni kusimama kwenyewe. Watu hudhani jengo lililosimama halili. Linakula. Mlinzi analipwa. Saruji iliyobaki ghalani, kwa unyevu wetu huu, ikipita miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu na kufanya mabonge. Nondo zilizochomoza juu ya linta bila ya kufunikwa zinaota kutu kwa upepo wa chumvi, na kabla ya kuendelea lazima zisuguliwe au zikatwe. Kuta zisizopauliwa zinanyeshewa masika na vuli. Mkandarasi akirudi anadai kukusanya watu na vyombo upya. Jengo la michango ya kidogo kidogo huwa ghali daima kuliko la fedha ya mara moja, na hilo si kosa la mtu, ila ni kosa kutolitia katika makadirio.

Kwa hiyo, dada, usiiulize bodi "kwa nini imepanda". Suali hilo lina jibu la neno moja na umeshalipewa. Waombe waigawe ile 132 kwenye mafungu manne niliyoyataja: kiasi gani ni bei, kiasi gani ni ardhi, kiasi gani ni mambo yaliyoongezwa kwenye mchoro, kiasi gani ni kuchelewa na makosa. Bodi iliyo safi inaweza kufanya hivyo jioni moja. Bodi isiyojua fedha zake zilipokwenda itahitaji wiki mbili, na hizo wiki mbili zitawafaa wao kuliko nyinyi. Bodi iliyokula itakuletea yule mzee wa fitna.

Nikupe mfano ili uone karatasi yenyewe inavyokuwa. Tarakimu hizi ni zangu, nimezitunga kwa kuonesha tu. Bei za vifaa: milioni 48. Ardhi, yaani kuzamisha msingi na ukuta wa mawe: 39. Mabadiliko ya mchoro, yaani maabara, tangi la maji na matundu sita ya vyoo: 33. Kuchelewa na kurudia kazi: 12. Jumla 132. Karatasi moja, mistari minne pia, lakini tazama tofauti yake na ile mliyoletewa. Huyu mzazi anayeisoma anaweza kubishana: maabara tunaihitaji sasa au ingoje? Ukuta wa mawe umeonekana, haya. Lakini milioni 12 za kurudia kazi, ni kazi gani na nani aliyeikosea?

Kila fungu lina shahidi wake wa karatasi, na hapa ndipo "mambo ya kitaalamu" yanapokwisha. Bei zina ankra na stakabadhi za duka, zenye tarehe. Ukiwa na stakabadhi ya saruji ya 2021 na ya mwaka huu, unatoa moja katika nyengine, mtoto wa darasa la tano anaweza. Ardhi ina vipimo vya msingi: mchoro unasema msingi uwe na kina gani, na fundi alichimba kina gani, kama hakuna aliyeandika, wapo vibarua waliochimba, na vibarua hawasahau shimo. Mabadiliko yanatakiwa yawe na maandishi ya bodi yenye saini, kwa sababu mkandarasi makini haongezi hata dirisha bila ya amri ya maandishi. Kuchelewa kuna deftari la saiti, kama lipo.

Juu ya yote hayo, ombeni makadirio ya mwanzo. Wahandisi wanayaita BOQ, na ni jadueli tu: kazi gani, kiasi gani, bei ya kipimo kimoja, jumla. Likiwepo, limekwisha jambo nusu. Likiwa halipo, basi mmejua kwamba ile 240 haikuwa makadirio, ilikuwa dua.

Mnaweza pia kupima wenyewe. Ukuta wenye urefu wa mita 9 na kimo cha mita 3 ni mita za mraba 27. Tofali la kawaida la saruji lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 linaingia kama kumi kwa mita moja ya mraba. Basi ukuta huo ni matofali 270, toa madirisha, ongeza kidogo ya kuvunjika. Zungukeni jengo na futikamba, jumlisheni kuta zote. Ikiwa mnapata elfu nne na stakabadhi zinasema elfu saba, hapo mna suali la kuuliza, na si fitna. Kwa zege, mchanganyiko wa kawaida wa moja, mbili, nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hula mifuko sita hadi saba ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo. Sisemi mfanye ukaguzi wa mahakama. Nasema watu wanaojua kuhesabu karafuu kwa pishi hawashindwi kuhesabu matofali.

Na mkifika kwenye paa, angalieni geji ya mabati. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Mradi ulioishiwa fedha huanza kuponea hapo kimya kimya, na kwa hewa yetu ya bahari bati jembamba linatoboka mapema. Hali kadhalika mchanga. Uchimbaji wa mchanga visiwani unahitaji kibali, mchanga halali umekuwa wa bei, na kishawishi cha kuchukua wa ufukweni ni kikubwa. Chumvi yake inakula nondo kutoka ndani. Nimeziona linta zilizopasuka kwa mstari mmoja ulionyooka, sawa na nondo iliyomo ndani yake. Gharama inaweza kupanda na jengo likawa duni papo hapo.

Sasa hiyo fitna. Wewe na mimi tunajua kwamba neno lenyewe si fitna, ni muhali, yaani kuoneana haya. Mwenyekiti wa bodi ni ami yake mume wako, mweka hazina ndiye aliyemfundisha kaka yako Kurani, mwenye duka aliyeleta saruji mmeolewa mtaa mmoja. Unaogopa kuuliza kwa sababu kuuliza kunasikika kama kutuhumu. Na wao wanaogopa kusema kwa sababu kusema kunasikika kama kukiri. Matokeo yake kila mtu anamstahi mwenzake mpaka jengo linaota magugu.

Nitakusimulia kisa kimoja bila ya kutaja pahala. Niliitwa kwenye skuli moja ambayo gharama zilizidi kwa kama theluthi moja na mji mzima ulikuwa umeshamhukumu mwenyekiti. Watu walikuwa hawamwitikii salamu vizuri. Nikakaa na makaratasi siku mbili. Shimo la choo lilikuwa limekuta jiwe, ikabidi lihamishwe mara mbili, na upepo ulikuwa umeng'oa sehemu ya paa kabla halijafungwa. Basi. Hakuna hata shilingi iliyopotea. Kinyume chake, nikakuta milioni sita ambazo hazina mchangaji: mwenyekiti alikuwa ameuza kipande chake cha shamba akatia, na hakumwambia mtu kwa kuona kwamba sadaka haitangazwi. Nilipomuuliza kwa nini hakueleza habari ya choo, akanambia, "Nitasemaje mbele ya watu kwamba tumechimba mara tatu?" Michango ilikuwa imekatika miezi minane kwa sababu ya aibu ya shimo la choo. Bei ilipanda miezi hiyo minane. Ile sababu ya uongo ikageuka kweli.

Kuhusu haki yenu. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inampa raia haki ya kupewa taarifa juu ya masuala muhimu kwa jamii. Watu wengine hutaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, lakini hiyo inatumika Tanzania Bara, usiitegemee huku. Kwa skuli ya jumuiya, silaha yenu ya karibu ni katiba ya jumuiya yenyewe. Kila jumuiya iliyosajiliwa inayo, imewekwa kwa Mrajis, yaani msajili wa jumuiya, na kwa kawaida inasema mkutano mkuu ufanyike lini, hesabu zisomwe na nani, na wanachama wangapi wanaweza kuitisha mkutano wa dharura. Itafuteni nakala. Mara nyingi wajumbe wa bodi wenyewe hawajaisoma tangu siku ya usajili. Ikiwa kiwanja ni wakfu, kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kuna kanuni ambayo hata mwenye kuona haya na karatasi haoni haya nayo: sharti la aliyeweka wakfu halivunjwi. Aliyetoa kwa ajili ya madarasa, fedha yake haihamii kwenye uzio bila ya yeye kuulizwa.

Kwa wasomaji wengine ambao skuli zao ni za Serikali, njia ni nyengine. Tangu tamko la elimu bila malipo la tarehe 23 Septemba 1964 skuli ni jukumu la Serikali, ingawa sote tunajua desturi: wananchi huinua banda hadi linta kwa kujitolea, kisha Wizara huja kupaua na kumalizia. Hapo kuna hesabu mbili na mnatakiwa muzitenganishe. Fedha za wananchi zinajibiwa na kamati ya skuli mbele ya wazazi na sheha. Fedha za Serikali zinafuata Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Nam. 11 ya 2016, na mkaguzi wake ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Zanzibar, ambaye ripoti yake huishia Baraza la Wawakilishi. Mwakilishi wenu anaweza kuuliza suali huko, na suali la Barazani hujibiwa kwa tarakimu. Mkiona dalili za rushwa khasa, ipo ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar. Lakini hiyo iwe ya mwisho, na muende na karatasi, msiende na hisia.

Kuna jambo moja ambalo bodi nyingi hulificha na halihitaji kufichwa: mjumbe mwenye duka. Kwenye mji mdogo mwenye saruji ni mmoja au wawili, na mmoja wao huenda yumo kwenye bodi. Kununua kwake si dhambi. Dhambi ni yeye kukaa kwenye kikao kinachoamua kununua kwake. Atangaze, atoke nje wakati wa uamuzi, na ziletwe profoma tatu, yaani karatasi za bei za maduka matatu, hata kama mbili zitatoka Chake Chake au Unguja. Akiwa na bei nzuri, itaonekana.

Namna ya kuanza: msiende mmoja mmoja, na usiende wewe peke yako ambaye umeshapewa jina. Tafuta wazazi saba au wanane, awemo mwalimu mstaafu, awemo fundi, awemo mtu ambaye mwenyekiti anamheshimu. Andikeni barua fupi ya adabu, nakala kwa sheha. Mimi ningeiandika hivi: "Tunaishukuru bodi kwa kazi ngumu iliyofanya. Ili tuweze kuwashawishi wazazi wenzetu wachange, tunaomba kabla ya mkutano tuoneshwe makadirio ya mwanzo, jumla ya fedha zilizopokewa tangu 2021 na zilikotoka, jumla iliyotumika, mgawanyo wa nyongeza ya milioni 132, na makadirio ya kazi iliyobaki kutoka linta hadi kufungua mlango. Fundi wetu mmoja atakuwa tayari kusaidia kuandaa." Ile sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Bodi nyingi hazina mtu wa kuandaa. Ukiwapa mtu, umewaondolea udhuru na umewapa njia ya kutoka bila ya kuvunjika uso.

Wakikubali, ibandikwe karatasi moja mlangoni mwa skuli na nyengine kwenye ubao wa msikiti, kila mwezi: zilizoingia, zilizotoka, kazi iliyofikiwa. Kwa mkono, kwa kalamu, inatosha. Na waambieni waweke tangu sasa fungu la dharura la asilimia 10 juu ya kazi iliyobaki, kwa jina lake hilo hilo la dharura, ili siku nyengine wakikuta jambo wasitafute pa kulificha.

Hukuuliza, lakini najua unalo kichwani: hiyo 150,000 utoe au usitoe? Mimi ningetoa kwa hatua. Paa kwanza, maana kuta zilizo wazi masika mengine yakizikuta, mtalipa tena. Lipeni elfu hamsini hamsini, na kila stakabadhi iandikwe "kwa ajili ya kupaua", si "mchango wa skuli". Mbao na mabati yakishapanda juu, mkayahesabu kwa macho yenu mkiwa mmesimama chini, ndipo mtoe hamsini ya pili kwa ajili ya sakafu na plasta. Wakikataa kuandika maneno hayo manne kwenye stakabadhi, "kwa ajili ya kupaua", niandikie tena.